Vidonge vya Mama, Viganja vya Mama Bukuru

Jumapili jioni, Novemba 2014. Kasulu.

Mvua imeanza adhuhuri na haina dalili ya kukoma. Baridi ya huku mie mtu wa Tanga sijaizoea mpaka leo, nimevaa sweta juu ya sweta. Lakini si baridi tu, bora niseme ukweli. Naogopa.

Sebuleni kwangu wamekaa wanawake wawili. Mmoja ni Mama, mama mzazi wa mume wangu. Wa pili ni Mama Bukuru, jirani yake wa kule Kitanga. Wanakunywa chai na kuongea Kiha, wanacheka, utadhani hakuna lililotokea. Mama Bukuru ameshika kikombe kwa ncha ya kitenge, maana viganja vyake havistahimili moto. Mimi nimejifungia chumbani na simu, naandika.

Nianze mwanzo, labda kichwa kitatulia.

Mama ana saratani ya titi, na ilishafika kwenye mapafu. Dawa za kawaida ziligonga mwamba. Katikati ya mwaka huu hospitali moja kubwa ya Mwanza ikamchukua kwenye utafiti wa dawa mpya. Daktari alitueleza taratibu, hadi Mama akaelewa. Awamu ya kwanza ilishapita, huko walitafuta kipimo ambacho mwili unaweza kukibeba. Hii ni ya pili, wanataka kujua kama dawa yenyewe inaurudisha nyuma uvimbe kwa watu ambao ugonjwa umeshasambaa. Wagonjwa ni wachache, kwa hiyo kila mmoja ana uzito wake. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni, baada ya kula. Kila tukienda tunarudisha chupa, sista wa utafiti anaangalia kama vimeliwa, halafu Mama anapimwa damu na kupigwa picha ya kifua. Uvimbe ukikua kupita kiwango walichokiweka, dawa inasitishwa na mgonjwa anatoka.

Picha iliyopita ilionyesha umekua kidogo. Si wa kumtoa, lakini kidogo. Daktari alikunja uso akasema tusubiri picha inayofuata.

Inayofuata ni keshokutwa.

Na chupa za Mama hazijawahi kuwa na kasoro! Sista alikuwa akimsifu mbele ya wagonjwa wengine, mama wa Kitanga huyu, kijijini kabisa, hakosei hata siku moja. Mie nikawa navimba kichwa pale kwenye benchi, kana kwamba vidonge nimemeza mie.

Jana nikaenda Kitanga kumchukua kwa ajili ya safari. Njia tope tupu, dereva wa bodaboda alinishusha mara mbili nitembee kwa miguu. Nikafika nimechafuka mpaka magotini. Mama Bukuru akaja kunisalimia kama kawaida yake.

Sasa, salamu ya Waha si ya kupungiana mkono ukapita. Mnashikana mikono, mnaulizana ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, ya mvua, na mkono hauachiwi mpaka habari ziishe. Miaka yangu ya kwanza ya kufundisha hapa ilikuwa ikinichosha vibaya sana. Siku hizi naidai mwenyewe. Jana Mama Bukuru akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye" akanipa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kukanda udongo. Hakuwa na udongo wowote. Nikamtania, nikasema leo umeona mtu wa pwani hafai kushikwa mkono? Nikakigeuza kile kiganja.

Chekundu, kimechubuka, ngozi inatoka.

Viganja hivyo navijua. Daktari alituonya tangu siku ya kwanza kwamba dawa hii inachubua viganja na nyayo, akatupa mafuta ya kupaka. Ajabu ni kwamba vya Mama vilibadilika kidogo tu, hata sista alikuwa akishangaa.

Nikamtazama Mama. Mama akatazama kuku.

Sikuhitaji kumbana, alisema mwenyewe. Kwenye kila viwili, kimoja anameza yeye, kimoja anampa mwenzake. Tangu chupa ya kwanza. Mama Bukuru naye ana uvimbe kwenye titi, anauficha chini ya kitenge, mtu pekee aliyemwonyesha ni Mama. Hospitali haendi, anasema huko wanakata tu. Basi wakagawana. Asubuhi anakuja, wanakunywa uji, wanameza. Jioni vivyo hivyo. Chupa zinaisha kwa wakati wake, na sista anafurahi.

Mama akaniambia, "Mwanangu, huyu ndiye aliyenichotea maji nilipokuwa siwezi kuinuka. Anakaa hapo ananiangalia. Nimeze vyote peke yangu, nina roho gani?"

Jamani.

Nilifoka. Nakiri, nilimfokea mama mkwe mbele ya jirani yake, kitu ambacho kwetu wala kwao hakifanyiki. Nikamwambia mnauana nyote wawili, wewe hupati dawa ya kutosha na yeye anakula sumu asiyopimwa. Mama akainuka. Alichukua hindi lililokuwa jikoni linachomwa, akalivunja, nusu akanipa mie, nusu akampa Mama Bukuru, yeye akabaki mikono mitupu. Nikalila huku nalia. Ni watu hao hao ambao sijawahi kuondoka kwao bila ndizi au maharage mgongoni, na sikuwahi kulalamika kuwa wanagawa mno.

Nikawapakia wote wawili kwenye bodaboda moja, mie nikapanda nyingine, nikaja nao mjini.

Leo asubuhi nimemweleza mume wangu kwa simu. Yuko Tabora kikazi. Akasema, "Funga mdomo, Mama Salma. Chupa si zimeisha? Nani atajua?" Nikaanza kumweleza, akanikata. "Wakimtoa, huyo ni mama yangu, si mama yako." Nikamkatia simu. Nilichemka. Halafu nikajiuliza kama si kweli, kama ningekuwa na ujasiri huu angekuwa mama yangu wa Tanga. Sijui. Wallahi sijui.

Maana nikinyamaza, picha ya keshokutwa ikionyesha uvimbe umekua, Mama anatolewa kwa kosa la dawa ambayo hajaimeza sawasawa. Na wataandika haikumsaidia, wakati walichokipima ni nusu yake. Na wagonjwa wa kesho je, wanaoisubiri? Na Mama Bukuru arudi Kitanga akiharisha, bila hata mtu wa kumtoa damu akaangalia. Nikisema, wanaweza kumtoa vile vile, kwa kuvunja masharti tuliyoyakubali. Na mtu wa saratani iliyosambaa akitoka pale, kwetu huku anarudi kwenye panadol na maombi. Hakuna kingine. Nimezunguka chumba hiki mpaka miguu inauma.

Alasiri nikampigia sista.

Nimemwambia yote, bila kupumzika, kama mtoto anayesema sala asije akasahau. Akaanza kuuliza, lakini si juu ya Mama. Huyo mwingine ana homa? Anaharisha? Ana vidonda mdomoni? Nikawa nakimbia sebuleni kuuliza na kurudi, Mama Bukuru anajibu kwa aibu, anaangalia chini. Sista akasema anakwenda kuongea na daktari.

Muda huo wa kusubiri sitaki kuukumbuka.

Akapiga. Mama Bukuru asimeze tena hata kimoja, na tuje naye, ataonwa kama mgonjwa mwingine yeyote, titi lake lipimwe. Mama ameze dozi yake kamili kuanzia leo jioni mpaka tufike, abaki chini ya macho yangu. Nikauliza kama watamtoa. Akasema, "Siwezi kukuahidi, dada. Wataamua daktari na wenzake." Hajanishukuru wala hajanikemea. Nimemtumia mume wangu ujumbe kwamba nimesema. Hajajibu.

Binti yangu Salma anaita, chakula tayari. Narudi.

Nimerudi.

Tumekula ugali na dagaa. Nikaleta maji, nikaleta chupa, nikaweka vidonge viwili kwenye kiganja cha Mama. Mkono wa Mama Bukuru ukainuka wenyewe, kwa mazoea. Ukafika katikati. Kisha akaurudisha chini ya kitenge. Mama akanitazama, ombi limeandikwa usoni, aone kama nitalegea. Sikulegea.

Basi akageukia ukutani. Akajifunika kitenge kichwa chote, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani, akameza humo ndani, vyote viwili, peke yake. Alipojifunua macho yalikuwa yamelowa. Akamgeukia Mama Bukuru akamwomba msamaha kwa Kiha. Mama Bukuru akamshika mkono kwa vile viganja vyake vilivyochubuka, na hakuuachia.

Nimekata tiketi tatu. Basi linaondoka alfajiri, tutapita Kibondo mvua ikiturehemu. Nimeshafunga mabegi, na Mama Bukuru nimempa sweta yangu moja.

Ee Mungu, wasimtoe. Amemeza.