Mtungi wa Marehemu Fidencio Kwenye Ukumbi wa Mizigo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Wilbert Poot Chablé
Umri: Miaka 54
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Mfungaji mkuu wa mizigo ya wazamiaji wa baharini (shahidi amesisitiza neno "mkuu" liandikwe)
Makazi: San Miguel, kisiwa cha Cozumel, nyuma ya soko
Tarehe: 14 Machi 2024, saa kumi jioni

Kabla ya mengine naomba iandikwe kwamba katika kisiwa hiki hakuna mzamiaji anayepanda ndege salama bila mkono wangu kupita kwenye begi lake. Wamekuja madaktari, wamekuja majenerali, amekuja mtu mmoja mwenye ndege yake mwenyewe, na wote wamesimama mikono nyuma wakinitazama ninavyofunga. Mapezi ya miguuni nayalaza kando kando ya begi. Suti ya mpira inazungushwa kwenye vitu vinavyovunjika. Tochi inatolewa betri. Kisu kinakwenda kwenye mzigo wa chini, kamwe si mkononi. Kipumulio mtu abebe mwenyewe begani kama mtoto, maana begi likipotea mapezi utaazima, lakini mapafu huazimi. Nasema haya ili ijulikane kwamba leo sikuwa mpita njia.

Landy Poot May, miaka 26, ni binti wa marehemu kaka yangu Fidencio. Ananiita ba'mdogo. Wakati naandikisha haya amekaa kwenye benchi nje ya mlango huu. Afande ameniambia kinachotakiwa ni kitu kimoja: ndani ya ule mtungi wa kuzamia alioufungua leo kulikuwa na nini. Bwana wa usalama wa kiwanja cha ndege anasema hewa iliyofungiwa kwenye chuma miaka tisa huharibika ikawa sumu, na kwamba Landy ameimwaga mbele ya watu akijua. Ikibaki hivyo atafunguliwa kesi. Kazi aliyopata Kanada, ya kuzamia na kukagua nguzo za bandari, inaanza Jumatatu, na ndege nyingine ni kesho saa tano asubuhi.

Habari ya mtungi ni hii. Jumamosi tarehe 7 Februari 2015, saa kumi jioni, kaka aliujaza hewa kwa mkono wake pale kwenye duka la wazamiaji. Akabandika utepe mweupe, akaandika kwa kalamu: Fidencio, Jumatatu, maana siku hiyo angezamia nao. Jumapili, alipokuwa anakula, moyo ukasimama. Mjane wake alihamia mji wa Mérida, mtungi ukabaki kwangu. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kukumbuka wafu, tunauweka kwenye meza yao, kati ya mkate na kuku wa kuchimbiwa, aliyeokwa shimoni. Landy anafunga geji ya kupima hewa, anafungua valvu kidogo, mshale unapanda hadi elfu tatu, yaani umejaa, anafunga tena. Kila mwaka anasema neno moja tu: "Bado yupo." Hata mbwa wangu hapiti karibu na ule mtungi, na ni mbwa aliyewahi kumfukuza mamba.

Leo saa moja na nusu asubuhi nilianza kufunga begi la Landy. Aliniambia, "Ba'mdogo, mtungi hawaupokei ukiwa na hewa. Wanataka uwe mtupu, valvu imetolewa, waone ndani."

Nikamjibu, "Wewe umesoma, mimi nafunga. Nani atafungua begi lililofungwa na Wil?"

Akanisogezea suti zake. Nikadhani nimemshinda kwa hoja. Sasa ndipo naelewa kwamba hakutaka mkono wake uwe ndio wa kuifungulia ile hewa. Nikauzungushia suti mbili, nikauweka katikati ya begi.

Tulifika kiwanjani saa tano na dakika ishirini. Kwenye kaunta ya mizigo alikuwepo Addy Canché, ambaye namjua tangu hajaota meno.

Akasema, "Mzee Wil, umemfunga nani humu? Kilo thelathini na moja."

Nikasema, "Mfalme wa Wamaya. Mtendee kwa heshima."

Akacheka, akavuta zipu. Alipoona valvu kicheko kikakatika. "Huu una hewa?"

"Kidogo."

"Mzee Wil."

"Umejaa," nikasema.

Addy alimgeukia Landy, akamwambia kwa upole kwamba mtungi ukiwa na hewa hauingii kwenye ndege yoyote duniani, na kwamba kaunta inafungwa saa sita na nusu. Landy akasema, "Ni hewa ya baba yangu." Akaeleza kwa maneno machache kama nilivyoeleza mimi. Watu kwenye foleni walisikia. Addy akasema atoke nayo nje ya mlango, akaifungulie huko.

Mimi nikasema, "Nje kwa nini? Hewa ni hewa. Fungulia hapa hapa." Hilo ni kosa langu, liandikwe.

Landy akasema, "Basi siimwagi kabla sijaivuta." Akatoa kipumulio kwenye mkoba wa begani, akakikaza kwenye valvu, akaifungua, akakaa juu ya begi, akatia mdomoni na kufumba macho. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Niliitazama saa ya ukutani kwa sababu sikujua pa kutazama.

Afande, mimi nimezamia maisha yangu yote. Nimeona papa nyangumi mrefu kama basi akinipita nikaweza kuhesabu madoa yake. Nimeona kimbunga kikibeba mashua na kuiweka mlangoni pa duka la viatu, imesimama wima, nahodha bado ameshika usukani. Hayo yote si kitu mbele ya haya. Sauti ya kipumulio nchi kavu si kama ya majini. Inafanana na mtu aliyelala chumba cha pili. Inavuta, inatulia, inashusha. Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini na hakuna aliyewaambia wanyamaze, wakanyamaza. Mgeni mmoja mwekundu kama kamba wa kuchemsha aliuliza kwa kunong'ona binti anafanya nini. Addy akamjibu, "Anaagana na baba yake." Yule mgeni akavua kofia. Kulikuwa na mama mmoja ameshika boksi la mikate. Nikaona kifua chake kinapanda na kushuka pamoja na cha Landy, bila yeye kujua. Kisha na cha jirani yake. Kisha foleni nzima. Watu arobaini wakipumua kama mtu mmoja. Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu lakini huu si mmojawapo, waulizeni.

Dakika kumi zilipita. Landy akatoa kipumulio mdomoni, akaninyooshea. "Na wewe, ba'mdogo. Ni kaka yako."

Nilivuta mara mbili. Ya tatu sikuweza. Nikamrudishia.

Akafunga valvu, akakitoa kipumulio, akaibusu valvu, kisha akaizungusha ifunguke yote. Mngurumo uliotoka ulikuwa mkubwa, hilo sikatai. Chuma kikapoa hadi shingo ya mtungi ikaota barafu nyeupe, katika joto lile la mchana. Watu hawakukimbia, walisogea. Yule mama wa mikate aliigusa ile barafu kwa kidole, akajifanyia ishara ya msalaba. Saa tano na dakika hamsini mlinzi mmoja aliyekuwa ameingia kutoka nje alisikia mngurumo tu, hakujua habari, akapiga kelele kwamba ni gesi. King'ora kikalia. Tukatolewa wote. Ndege ilichelewa dakika arobaini na ikaondoka bila Landy. Hakuna aliyeumia.

Afande ameniuliza mara mbili kama hewa ile ilikuwa ya mwaka 2015. Mara ya kwanza nilimwambia habari ya mamba. Sasa najibu.

Alhamisi tarehe 26 Oktoba 2023, majira ya saa tisa alasiri, gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya magurudumu matatu liliisha upepo. Nilikuwa nimebeba barafu ya sherehe ya ubatizo na ilikuwa inayeyuka. Pampu nilikuwa nimemwazimisha jirani, na jirani hakuwepo. Mtungi ulikuwa pale pembeni. Nilisema moyoni, kaka hatakasirika kwa pumzi moja. Nikaunga mpira wa hewa kutoka mtungi hadi gurudumu, nikafungua kidogo tu. Valvu ilikuwa imekaza, nikaiongezea nguvu, ikafunguka yote kwa mkupuo. Gurudumu likapasuka, mpira ukaruka, na mimi nikakimbilia nyuma ya choo. Niliporudi mtungi ulikuwa kimya. Kaka yangu alikuwa ameisha uani, kwa sababu ya baiskeli.

Kesho yake, tarehe 27, niliujaza dukani kwa kompresa ileile wanayojazia wageni, hadi elfu tatu kamili. Namba ya mtungi na sahihi yangu vimo kwenye daftari la kujazia, afande anaweza kutuma mtu sasa hivi. Kwa hiyo hewa ya leo haina hata miezi mitano, na ni safi. Landy hakumwaga sumu. Mwezi Novemba alipofunga geji akasema "bado yupo", nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya kuku, nikasema "amina".

Jambo ambalo silielewi ni kwamba leo nilijua, na bado nilivua kofia kama yule mgeni. Nilipovuta zile mara mbili nilijua ni hewa niliyoijaza mimi, Ijumaa, nikiwa natafuna karanga. Na hata hivyo nilimsikia kaka. Naona haya kulisema hilo kuliko hata la gurudumu.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, na hakuna nililolibakiza.

Sahihi ya shahidi: W. Poot Ch.

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Ligia Uc Tamay, nikamsomea shahidi, akakiri ni sahihi na kutia saini mbele yangu saa kumi na moja na dakika tano jioni. Daftari la kujazia limeletwa kituoni na kukaguliwa: tarehe 27 Oktoba 2023, namba ya mtungi inalingana. Binti ameachiwa asafiri kesho. Shahidi ameomba amweleze binti mwenyewe habari ya gurudumu kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Amekubaliwa. Hadi nafunga jalada hili, saa kumi na moja na nusu, shahidi alikuwa bado amesimama upande wa ndani wa mlango, na binti kwenye benchi nje.