Uso wa Kantengwa

Jumatatu, 3 Julai 1995
Mwanangu Kemilembe anaota meno. Sikulala. Ofisini kwetu, tunakotafutia watoto wa kambini wazazi wao, nimekuta picha ya Kantengwa, mtoto aliyepotezana na mama yake wakati wa kukimbia Rwanda. Amepigwa picha mbele ya shuka jeupe — uso mweusi tii, macho hayaonekani. Nikaung'arisha kwenye kompyuta, kama wateja wa studio ya Kayanga, nilikofanya kazi zamani, walivyotaka siku zote. Katoto kamependeza. Picha imekwenda kubandikwa kambini.

Jumatano, 5 Julai
Nimemwonyesha Kantengwa mwenyewe, kituoni wanakolelewa watoto. Ameitazama, akanirudishia. "Huyu ni nani, mama?" akauliza. Nimecheka, halafu kicheko kikakatika. Mama yake atamjuaje? Bosi wetu Cassian naye: "Mama Kemi, hapa umemtoa kama bi harusi." Nimenuna. Lakini kweli, hata kovu la kwenye nyusi limepotea.

Alhamisi, 6 Julai
Cassian amekata karatasi moja ya kijivu vipande viwili. Kimoja juu ya nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Ningeapa ni rangi mbili! Anasema jicho halipimi mwanga, linalinganisha na kilicho jirani. Shuka ndilo linalomtia mtoto giza. Jioni namenya ndizi, nazihamisha tu nione rangi: sufuriani, kwenye jani, sufuriani. Mume wangu kauliza kama tutakula leo.

Ijumaa, 7 Julai
Nimeanza upya na picha ya kwanza, ile kabla sijaing'arisha. Uso nimeupandisha mwanga kidogo sana, shuka nimelitia kijivu kizito. Macho yakatoka. Eugenia wa mapokezi kasema kovu nilifute, mtoto wa kike huyo. Hapana. Kuna mtu aliliuguza hilo.
Kantengwa ameiona. Kashika nyusi yake, penye kovu.

Jumatatu, 10 Julai
Nimekwenda kambini kuibandika mwenyewe, Kemilembe mgongoni. Kapita mwanamke na kuni kichwani. Kapita, karudi. Kuni kazitua.
Majina hatuandiki ubaoni. Anayetafuta ndiye anayelitaja jina la mtoto. Akalitaja kabla sijamuuliza. Yeye mwenyewe anaitwa Nyirabageni. Ile picha niliyoing'arisha aliiona, anasema, akadhani ni mtoto wa wenye nafasi.
Kesho Kantengwa ataulizwa peke yake, ndipo wakutanishwe. Mpaka hapo sitakiwi kumwambia mama lolote. Nimemweleza hivyo, bila kuzunguka. Akaitikia. Akauliza moja tu: anakula?
Sharti nimelivunja, nimemwambia anakula. Maharage anayachambua, mabovu anayaweka pembeni ya sahani.
Akakaa chini palepale, juu ya kuni zake.