Jina Lililopigwa Mstari

Jumanne, 4 Machi

Leo nimepewa daftari. Kanipa Mwalimu wa Ziada — ndiye anafundisha yale masomo ya mchana ya kuwaandaa watoto kwenda sekondari, basi shule nzima tunamwita hivyo. Watoto wake kila siku wanaandika nusu ukurasa, wameona nini, wamewaza nini. Daftari moja lilibaki. Nikamwambia mwalimu, mimi niliishia darasa la nne, na mdomo ninao, daftari la nini? Akasema si kila kitu cha kusemwa, mama. Sijui ndiyo kijembe. Nimepokea. Cha bure hakina kasoro.

Haya. Nimefagia madarasa tisa. Bomba la choo cha walimu linavuja tena. Mpishi kagombana na mlinzi, kisa mfuniko wa sufuria. Mpishi anasema mlinzi kauficha. Mlinzi anasema sufuria yenyewe haihitaji mfuniko, hakuna inzi mwenye akili atakayeitamani. Nimecheka mpaka nimeshika ukuta.

Nusu ukurasa umejaa. Kumbe rahisi.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha ziada ndicho napenda kufagia, nakiacha cha mwisho. Ukutani kila mtoto kachora wiki yake kwa vijisanduku — saa ya kusoma, ya kazi za nyumbani, ya kulala. Mwalimu anasema sekondari hakuna wa kukusukuma, ujipangie mwenyewe. Kuna aliyejipangia kulala saa kumi na nne kwa siku. Huyo atafika mbali.

Wiki ya binti mmoja, Kimya, yote imeandikwa saluni, saluni, saluni. Katikati kijisanduku kimoja cha kijani, saa tisa mpaka kumi na nusu. Ndiyo haya masomo.

Kimya ni binti wa shoga yangu msusi. Huyu mtoto nilimpakata kabla baba yake hajamwona. Tumempa jina hilo kwa sababu unaweza kukaa naye asubuhi mpaka adhuhuri ukafikiri uko peke yako. Lakini kichwa anacho. Vijitabu vya ziada viko sita: namna ya kuandika muhtasari, kusoma michoro ya hesabu, kuuliza swali bila kuogopa, na vingine. Wenzake wako cha nne. Yeye sijui cha ngapi, mwalimu anampa tu kingine.

Jumatatu, 10 Machi



Kwenye mlango wa chumba cha ziada kuna orodha ya majina, watoto ishirini na wanne. Leo nafuta vumbi, naona jina la Kimya limepigwa mstari. Mstari mweusi, umenyooka, toka mwanzo mpaka mwisho. Na mengine manne hivyo hivyo.

Mimi mstari huo naujua. Darasa la nne mama aliugua, nikakaa nyumbani kumuuguza. Aliponyanyuka nikarudi shule. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akanigeuzia nione mwenyewe. Jina langu limepigwa mstari. Nikachukua kifuko changu. Mpaka leo.

Sikufika hata nyumbani, nikaingia saluni moja kwa moja. Nikamwambia Msusi, shoga, mwanao wamemtoa kwenye ziada. Chanuo likasimama kichwani mwa mteja. Akasema wangeniita. Nikamwambia, wakuite wewe nani? Watu kama sisi tunaambiwa na ukuta.

Akachomoa chanuo. Kisha akasema asante, bora nimesikia kwako kuliko njiani.

Nimefanya vizuri. Nadhani nimefanya vizuri. Rafiki si wa kucheka naye tu.

Jumatano, 12 Machi

Kimya hajaja shule jana wala leo. Yuko saluni anasuka. Vidole vyepesi jamani, hata mama yake hamfikii.

Msusi anawaambia wateja mtoto mwenyewe kachoka na madaftari. Na kuna jingine — binti yake mkubwa kajifungua, yuko mbali, hana wa kumsaidia. Kimya ataenda Jumapili kwa basi la saa nane, akae mpaka kichanga kitembee. Yaani mwaka.

Nikamuuliza Kimya, unaenda kulea, eh? Akasema ndiyo ma'mdogo. Nikasema mtoto mwema huyu. Akaendelea kusuka.

Mbona nimeondoka bila hata chai? Sijui.

Alhamisi, 13 Machi

Ee Mungu wangu.

Mwalimu wa Ziada kanisimamisha kwenye korido, ana bahasha mkononi. Mama, wewe jirani yao, Kimya anaumwa? Nikasema sijui. Akasema mbona kaacha sasa, wakati kamaliza? Nikauliza kamaliza nini. Akanipeleka mpaka kwenye orodha. Hawa watano, akasema, wamemaliza vijitabu vyote sita kabla ya wenzao. Ndiyo maana nimewapiga mstari, sina la kuwafundisha tena. Jumatatu saa tatu mkuu wa sekondari anakuja mwenyewe kuwahoji. Akiwapenda, nafasi ni zao, na bweni juu yake. Asiyekuwepo, nafasi inaenda kwa anayefuata, hakuna kungoja.

Nikaukodolea mstari macho. Ule ule.

Akauliza, nani kawaambia nini hawa watu? Nikasema sijui. Mimi! Mimi ninayejua mpaka ndoto za mpishi, nimesema sijui mara mbili.

Bahasha kanipa mimi, nimfikishie mama mtu. Iko mfukoni mwa aproni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda saluni na bahasha. Nimeongea habari ya mfuniko wa sufuria. Nimeongea habari ya fundi bomba na mke wake wa pili. Wateja wamecheka wee, mmoja kakosea kukaa kwenye kiti.

Nimerudi na bahasha.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimesema. Niandike yote, vinginevyo nitaanza kujidanganya.

Nimeingia saa nne. Wateja watatu. Msusi kamsuka mmoja nusu kichwa. Akasema karibu redio. Wakacheka. Nikasema leo redio ina habari moja tu, na mbaya. Nikatoa bahasha nikaiweka mbele ya kioo, nikasema yote. Mstari ule ni wa waliomaliza. Jumatatu saa tatu. Mimi ndiye niliyekosea, hakuna mwingine.

Msusi hakunitazama. Akasema, shika hapa. Nikashika fungu la nywele. Akasuka moja mpaka mwisho, akafunga uzi. Akasuka ya pili. Mimi nimeshika tu.

Kisha akasema, nimeshamwambia dada yake anakuja. Nikasema dada yake ataelewa. Akasema nimeshawaambia hawa wote hapa. Nikasema hawa nitawaambia mimi, si kazi yangu hiyo?

Hakucheka.

Akasema kwa sauti ya chini, karibu nisisikie: unajua siku ile uliponiletea habari, nilishukuru? Nilishukuru, shoga. Nikajisemea moyoni, basi, hawaondoki wote. Mkubwa alienda, baba yao alienda, huyu atabaki na mimi, au na dada yake, kwetu. Usiku ule nikalala usingizi mzuri. Sasa unaniletea bahasha.

Mteja mwenye nusu kichwa akawa anaangalia magoti yake.

Nyuma kule Kimya alikuwa anafua mataulo. Sikujua kama anasikia. Akatoka, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Hakumtazama mama yake. Akaniuliza mimi: mstari ulipigwa kwa rula au kwa mkono?

Nikasema kwa rula, mwanangu. Umenyooka.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema, kwa rula ndiyo kumaliza. Anayetolewa jina linafutwa kabisa. Sote tunajua.

Wote wanajua. Hata yule wa kulala saa kumi na nne anajua. Ningemuuliza mtoto yeyote pale ningeambiwa. Sikuuliza. Nilikimbia na habari kama nimeokota kitu.

Akamuuliza mama yake, nimalizie mataulo? Msusi akasema malizia.

Akaenda kumalizia.

Jumapili, 16 Machi

Saa sita nimepita saluni. Kufuli. Nimepita nyumbani kwao. Kufuli. Nikamuuliza muuza mkaa wa mbele, akasema wametoka na begi la bluu, mama na mtoto. Mtoto kalibeba mwenyewe. Nikasema, wameelekea wapi? Akasema, wewe ndiye wa kuniambia, leo unaniuliza mimi?

Stendi sikwenda. Ningefanya nini kule. Ningeongea.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu kasoro robo. Naandika koridoni.

Tangu saa kumi na mbili nimepiga deki chumba cha ziada mpaka sakafu inaonyesha sura. Mwalimu kaniambia nitoe viti vitano nje ya mlango, wakae kwa mpangilio. Nimetoa vitano. Wanne wamekuja na wazazi wao, wamepiga pasi mpaka soksi.

Mkuu wa sekondari kafika. Mwanamke mfupi, miwani kwenye kamba. Kasema habari zenu, kaingia.

Mwalimu wa Ziada katazama geti, katazama saa. Kauliza ulifikisha ile bahasha? Nikasema niliifikisha. Akauliza walisema nini? Hapo kwanza ningeweza kumpa habari ya nusu saa. Nikasema, waliipokea.

Akasema basi kirudishe stoo hicho kiti kimoja, watoto wasikitazame. Na yule binti wa sita, anayefuata baada ya hawa watano, akaitwe darasani, akae tayari.

Nimekibeba kiti. Stoo sijafika. Nimekiweka hapa kwenye kona, mahali naona geti na naona mlango, na nimekikalia mimi. Ni cha Kimya hiki, na kiti mtu amekalia hakirudishwi.

Saa tatu kamili. Wa kwanza kaitwa. Mlango umefungwa nyuma yake.

Mlinzi kanipigia kelele toka getini, Mama Fagio, leo na wewe unahojiwa? Nimemwashiria aendelee kutazama barabara.

Wa kwanza katoka. Anatabasamu. Kaingia wa pili.

Yule wa sita kaja, kasimama karibu yangu. Sare safi, kashika kijitabu cha tano kifuani. Hajafanya kosa lolote huyu. Kaniambia shikamoo. Anatazama kiti; mimi natazama geti, na bado sijanyanyuka.