Nilifuta Majibu ya Chesi ya Mume Wangu

Mpendwa Shangazi Wambeti, nakuandikia maana nina wiki saba tu za ndoa na mwanamume ambaye hata akipiga mswaki natamani kumtazama, na sasa naogopa nimeiharibu ndoa yangu kwa kidole kimoja.

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, na ametengeneza programu ya kucheza chesi ya kupeleka kwenye mashindano Embu mwisho wa mwezi. Jioni hunikalisha karibu naye anieleze, nami huyapenda hata nisiyoyaelewa, kwamba programu inatazama ubao, inahesabu kete za kila upande, inaangalia kama mfalme amekingwa au yuko wazi, halafu inaupa mkao huo alama, na jibu inaliweka kwenye faili ili ikikutana tena na mkao uleule, hata kwa njia nyingine, isianze kufikiri upya. Faili hiyo ameijaza kwa miezi mitano. Sasa Jumapili wifi yangu alileta video ya harusi yetu, kompyuta ya mume wangu ikasema imejaa, nikaona faili moja kubwa isiyofunguka, nikadhani ni takataka, nikaifuta.

Tangu hapo programu inajikokota, na mume wangu anadhani kosa ni lake. Jana aliniambia, "Mpenzi, nadhani nilikosea alama za mfalme. Wacha nizibadilishe zote." Nikamwambia, "Kunywa chai kwanza," nikageuka upesi hata nikamwaga maziwa. Mama anasema mambo ya kompyuta hayana shahidi, ninyamaze. Lakini Shangazi, akijua, atanitazama tena vile anavyonitazama?

Bi Harusi, Nkubu

Bi Harusi, pole. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilichoma kwa pasi suti ya mume wangu, kwa hivyo hofu yako naijua. Lakini mama yako amekushauri vibaya, nawe umemsikiliza kwa sababu ilikufaa.

Nimemuuliza Gikunda, anayetengeneza kompyuta jirani na ofisi yetu. Alicheka kwanza. "Mwambie huyo bi harusi majibu ndiyo yamepotea, akili bado iko," akasema. Programu ingali inajua kupima mkao. Inachelewa kwa sababu inarudia kazi iliyokwisha kufanya. Ikiachwa ichambue kutwa kucha hadi mashindano, itapata tena sehemu nzuri ya majibu. Huenda hata faili ikaokolewa, mradi msiongeze chochote kwenye kompyuta hiyo. Lakini mumeo akizibadilisha zile alama, ataharibu kilicho kizima, nawe utakuwa umekaa hapo ukimmiminia chai.

Unauliza kama atakutazama vile tena. Sijui. Atakasirika, pengine siku mbili nzima. Vumilia, na usilie ili akubembeleze wewe. Mwambie mwenyewe, uso kwa uso, usimtume wifi yako.

Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumanne. Jina lako nimeliondoa, lakini walimu wa hesabu wa Nkubu wenye programu ya chesi ni wangapi? Gazeti linafika huko Alhamisi asubuhi.