Umemjibu Ifrah Kwanza

Waberi,
Garissa.
9 Novemba 2025

Mpendwa dada Wanji,

Habari za huko Ufini? Natumai wewe, Vincent na mtoto hamjambo, na kwamba baridi haijakurudishia kile kikohozi. Sisi tu wazima. Mvua imeanza, Tana imejaa na rangi yake ni ya chai ya maziwa, lakini joto halijatuhurumia. Caro wangu alienda kliniki Jumatatu, na mtoto amekaa vizuri tumboni.

Baada ya salamu, nina kinyongo nawe na sitakificha.

Unajua kazi yangu hapa ofisi ya maji ni kukadiria mto utapanda kiasi gani, ili watu wenye mashamba kando yake wahame mapema. Programu niliiandika mwenyewe, kwa miaka mitatu. Shida yake ni kwamba ilichukua saa tisa kumaliza hesabu, na makadirio ya asubuhi yakitoka jioni hayamfai mtu. Mwezi wa nane tukaletewa kompyuta mpya yenye viini vinane, yaani inaweza kupiga hesabu nane kwa wakati mmoja. Nikagawa kazi mafungu manane, kila kiini na fungu lake, nikatangazia ofisi nzima kwamba sasa tutamaliza kwa saa moja na kitu. Ikachukua saa kumi na moja.

Walinicheka wiki nzima. Mimi nikalaumu kompyuta.

Sasa kuna Ifrah, binti wa Wajir aliyeajiriwa mwaka huu tu. Anwani yako nilimpa mimi, nikijigamba kwamba dada yangu anashinda na mashine kubwa huko ng'ambo. Akakuandikia, ukamjibu siku hiyohiyo, ukurasa mzima. Mimi nimekutumia jumbe tatu tangu Septemba nikapata kidole gumba kimoja. Wanji, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja kwa nyanya. Niliumia.

Jibu lako ndilo lililomfungua macho: kumbe ile maktaba ya hesabu ninayoitumia, yaani mkusanyiko wa hesabu zilizoandikwa tayari na wengine, kila fungu likianza, nayo hujigawa tena mara nane kimyakimya. Kazi sitini na nne zinagombea viini vinane, na muda wote unaishia kwenye kupishana. Ifrah akasema ni kama kisima cha kwao: kila mchungaji ana zamu yake, lakini mimi nimemwambia kila mmoja aje na ukoo wake wote. Akaongeza mstari mmoja tu mwanzoni mwa programu, kuiambia maktaba isijigawe. Saa moja na dakika ishirini. Alhamisi onyo lilitoka mapema na watu wakahama kabla maji hayajafika.

Mkubwa wetu, Bwana Dagane, amempa Ifrah usimamizi wa makadirio yote. Nilimpongeza kwa mdomo, moyoni nikimeza shubiri. Jana programu ilikwama mikononi mwake nikafurahi, dada, na mto unapanda. Ilirudi baada ya dakika kumi, lakini furaha ile imenitia aibu mpaka sasa.

Ndipo nikafungua jumbe zangu tatu, nione tena ulivyonidharau. Ya kwanza ni picha ya kompyuta mpya. Ya pili nasema hakuna yenye kasi kama hiyo kaskazini nzima. Ya tatu nasema tumeuziwa mashine mbovu. Hakuna hata moja yenye swali. Ifrah alikutumia programu yangu yote, akauliza.

Basi nauliza. Nitajuaje muda unapotelea wapi, kabla sijalaumu mashine? Nijibu hata nusu ukurasa.

Nisalimie Vincent, na mjomba Peterson ukimpigia simu. Caro na shangazi Gacheri wanakusalimu sana. Mungu awafunike huko kwenye theluji, nasi atuzuilie maji.

Nimemwomba Ifrah aandike jina lake nyuma ya bahasha, chini ya langu, maana lake ndilo unalolijibu.

Nduguyo akupendaye, hata akinuna,
Koome