Jina Nililowasomea Wenyeji wa Balangdalalu

Dada Neema, shikamoo. Huku Balangdalalu upepo ni mkali, laiti ungalinipokonya karatasi yangu ya matokeo kabla sijaisoma.

Kundi letu la chuo tuko watano, kila mtu na kabila lake. Gidamis ndiye mwenyeji wa hapa. Leo tulirudisha matokeo ya utafiti kwa wanakijiji, na mimi katibu nikasoma kwa sauti: "Wamang'ati wanategemea ng'ombe." Bibi mmoja akasema jambo kwa lugha yao. Gidamis akatafsiri huku akiangalia chini: "Anauliza, sisi ni adui wa nani?"

Kumbe Mang'ati ni neno la Wamasai, maana yake adui. Wenyewe ni Wadatoga. Muhula mzima nimemwita Gidamis hivyo, nikidhani ni kabila lake, na kwenye fomu ya tathmini ya kundi nikamwandikia "hachangii mada."

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akajibu taratibu, "Hamkuwahi kuniuliza."

Yule bibi alinipa maziwa kwenye kibuyu. Nikayamaliza yote bila kuweza kumtazama.

Nisalimie watoto, na parachichi mnibakizie. Fomu bado ninayo. Nimefuta "hachangii mada," nimeandika "hatukumwuliza."

Mdogo wako, Anna