Opondo Anajifunza Kutua

Jumatatu, 8 Julai 1996

Opondo amekuja kazini na mimi leo. Kukaa nyumbani peke yake kumemshinda — anagombana na redio! Mwezi jana alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akitengeneza kule Woodley, na daktari amesema plasta itakaa mguuni wiki nane. Seremala bila mguu. Shiundu, mwenzake wa miaka mingi, ndiye anashikilia karakana yao ya Mashimoni, Kibera. Hutuma salamu kuwa kazi iko sawa. Opondo haziamini.

Nimempa kiti kwenye kona, karibu na kompyuta, mguu juu ya kreti ya soda. Ofisi yangu ni chumba kimoja tu hapa Kongo, Kawangware: taipureta, kaunta, na hii kompyuta ya zamani niliyopewa nilipoachishwa kazi ya ukarani mjini. Wateja wamemsalimia kama chifu. Amefurahi, ingawa hataki nijue.

Mchana nikamwambia, hiyo mashine ina mchezo, jipe shughuli.
"Nani aliuweka?"
"Mwanao."
Akageuza uso, akaangalia barabara.

Bado ana kinyongo naye, basi. Tangu Aprili hajalitaja jina la Osewe. Hata mimi ananiita Mama Whitney, kwa jina la huyu mdogo, kama vile wa kwanza sikumzaa. Na kosa la Osewe si dogo, nalijua. Babu yake alizikwa nyumbani Ugenya yeye hayuko. Alisema ni mitihani, chuo Eldoret hawakumpa ruhusa. Opondo alilitengeneza lile jeneza mwenyewe, la mvule, akalisafirisha kutoka Nairobi. Mjukuu wa kwanza ndiye alitakiwa kushika mbele, upande wa kulia. Alishika jirani.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetoka posta, nimemfumania! Vidole viwili kwenye kibodi, ulimi nje. Kwenye skrini nyota, na duara la kijivu linazunguka pole pole. Likawa kubwa. Likawa kubwa zaidi — pu! Skrini yote nyekundu.

"Mashine yako imeharibika," akasema.

Haijaharibika. Ni ule mchezo wa chombo cha anga, Osewe aliuleta Desemba kwa disketi sita, amenakili kwa rafiki. Unabeba mizigo kutoka kituo kimoja cha juu mpaka kingine. Vifungo vyake ni karibu kibodi nzima, na kitabu cha maelezo hakuna. Mimi nilijaribu mara mbili nikaosha mikono.

Nikamwambia aachane nao. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Kitu kimezimwa injini na bado kinaenda! Fundi gani alikitengeneza?"

Ijumaa, 12 Julai

Amekufa mara kumi na tisa. Whitney alikuwa anahesabu vifo vya baba yake baada ya shule. "Buda amekufa tena! Buda amekufa!" — kwa sauti, mpaka Wangoi, muuza mboga ya sukuma hapo nje, akaacha meza yake akaja mbio, mikono kichwani.

Jumanne, 16 Julai

Nimeandika Eldoret. Sikusema ukweli wote. Kuna mteja wangu, mtu mzima, anataka kujifunza ule mchezo wako, hajui kitu, mpe mawaidha ya mtu anayeanza.

Opondo alikuwa nyuma yangu na gazeti. La wiki iliyopita. Akasema, macho kwenye gazeti, "Muulize pia, hilo lango la kituo linazunguka, mtu anaingiaje bila kugonga pembe. Na pembe yenyewe ni nyuzi ngapi."

"Nimuulize nani?"

"Huyo unayemwandikia."

Nimecheka mpaka nikakosea anwani.

Jumatano, 24 Julai

Jibu! Kurasa tatu. Mimi mama yake huniandikia nusu ukurasa, na robo yake ni salamu.

Nimeitaipu safi nikaibandika ukutani juu ya kompyuta. Nainakili na hapa, kwa sababu naipenda:

"Mwambie mteja wako asiguse vifungo vyote. Wiki ya kwanza vinne vinatosha: kugeuka kushoto, kugeuka kulia, kuwasha, kuzima. Bunduki aisahau kabisa. Ajue kule juu hakuna breki. Ukizima injini chombo kinaendelea na mwendo ule ule, kwa hivyo ukitaka kusimama geuza mgongo uelekee unakokwenda, ndipo uwashe moto. Kila anayeanza huchelewa hapo. Ukiona kituo kimekuwa kikubwa, ulishachelewa zamani! Aanze kupunguza kikiwa kama punje ya mtama. Lile lango asipigane nalo. Azunguke nalo, mwendo wake uwe mwendo wa lango, mpaka alione kama limesimama. Nyuzi hazina maana hapo. Na ahifadhi safari kabla ya kutua, maana atagonga tu. Asione haya. Mimi niligonga mwezi mzima."

Opondo aliisoma amesimama kwa magongo, midomo ikitembea. Akairudia.

"Huyu anaeleza vizuri," akasema. "Hana maringo." Kama anasifu fundi wa mtaa mwingine.

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi nilipitia Mashimoni. Shiundu akanikabidhi mfuko wa vipande vya mbao. "Mzee ameagiza. Vidogo vidogo, na viwe laini. Anaunda nini huko, mama, kitanda cha panya?"

Anaunda kituo. Gurudumu la mbao kama sahani, katikati amelitoboa lango kwa patasi. Chombo chenyewe ni kidogo kama kipande cha sabuni kinachoisha. Gurudumu amelipigilia kwenye mguu wa meza kwa msumari mmoja, Whitney analizungusha, yeye anakuja na chombo mkononi, jicho moja amefumba. "Pole pole, nyathina, mwanangu. Usiharakishe." Mteja aliyekuja kutaipu barua ya kuomba kazi alisahau barua, akakaa saa nzima kutazama.

Halafu akarudi kwenye mashine. Akageuza mgongo mapema, kituo kikiwa mbali. Akawasha moto. Chombo kikapunguza, kikapunguza — kikapita kando ya kituo, kikaendelea zake gizani.

"Sijagonga!" Gongo likapiga sakafu. "Mmeona? Nimekosa, lakini sijagonga!"

Sijamwona hivi tangu Whitney azaliwe.

Jumatatu, 5 Agosti

Barua ya pili. Opondo alikuwa ameniagiza niulize habari ya mafuta, yanamwishia kabla ya lango. Ukurasa wa kwanza ni huo: usiwashe injini njia nzima, kisukume chombo mwanzoni halafu ukiache kiteleze, hewa ya kukuzuia haiko. Nimempa, amefurahi.

Ukurasa wa pili ni wangu. Nimeusomea nje, nyuma ya vyumba, karibu na mfereji.

"Mama, mteja wako ni Baba. Nani mwingine angeuliza nyuzi? Usimwambie kwamba najua. Na hili la pili usimwambie pia, lakini limenilemea. Haikuwa mitihani. Mitihani iliisha Jumatano. Ijumaa asubuhi nilikuwa Ugunja, stendi ya kushukia kwenda nyumbani, na begi langu. Nikaona pikapu inakuja, jeneza nyuma, na Baba amekaa kando yake, ameliwekea mkono juu kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Babu ndiye alinilea mpaka darasa la tano, Mama. Sikuweza kwenda kumwona kwenye sanduku. Niliingia hoteli nikakaa na chai mpaka jioni, nikarudi Eldoret. Nikaona afadhali Baba aniite mjeuri kuliko aniite mwoga."

Mtoto wangu! Amekaa na hilo miezi minne. Na mimi nilikuwa nyumbani siku ile, najipikia hasira pamoja na wenzangu jikoni — hata kuku hakosi adabu hivyo, nilisema. Nilisema mbele za watu.

Nimeuficha ndani ya kifuniko cha taipureta. Nimwambie Opondo? Nimeambiwa nisimwambie. Lakini ni mume wangu. Lakini ni siri ya mwanangu. Nimetaipu barua moja ya mteja mara tatu leo.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikuamua. Nimeamuliwa.

Nilienda kutoa nakala ya vyeti vya mtu. Niliporudi Opondo alikuwa amevaa miwani, karatasi juu ya plasta. Kwenye skrini chombo kinateleza chenyewe, hakuna anayekiangalia. Kumbe Osewe ameandika namba juu ya kila ukurasa, kama anavyofanya siku zote, na mzee wangu akaona "1" akauliza roho yake "2" iko wapi. Mtu wa kupima! Alidhani kuna mawaidha zaidi, akautafuta mpaka kwenye kifuniko cha taipureta.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

Akakunja karatasi, akaikunjua. Nikangojea hasira. Nilikuwa nimejipanga kabisa, maneno ya kumtetea mtoto yako mdomoni.

"Aliniona," akasema. "Mimi sikumwona."

Basi. Tumefunga ofisi saa tisa.

Ijumaa, 9 Agosti

Hakuja kazini. Nilidhani yuko nyumbani, kumbe amejikokota mpaka Mashimoni kwa magongo! Kutoka Kawangware! Jioni Shiundu akamleta, amemshika kiunoni. Alinivuta kando mlangoni akanieleza. Alifika, akakaa kwenye ile benchi alikolitengenezea lile jeneza, akaomba randa na ubao. Akapiga randa akiwa amekaa, mpaka ubao ukaisha wote ukawa maranda miguuni.

"Usimuulize kitu leo, mama," Shiundu akasema.

Sikuuliza. Nimepika omena na ugali mgumu anavyopenda. Amemaliza yote.

Jumapili, 11 Agosti

Tumetoka kanisani. Nilikuwa nawasha jiko.

"Mama Osewe, leta kalamu."

Nikaendelea kupuliza makaa. Halafu nikasikia alichosema. Moshi umenisaidia, nimefuta macho bila kuulizwa.

Barua imechukua mchana mzima. Ya kwanza ilianza, "Nimejua ulinidanganya," akaisikiliza nikimsomea, akasema chana. Ya pili ilikuwa na Mungu mwingi. Chana. Ya tatu ni hii:

"Osewe. Nimesoma ukurasa wa pili. Mama yako hakunionyesha, niliutafuta mwenyewe. Siku ile mkono niliuweka juu ya jeneza kwa sababu ulikuwa unatetemeka, sikutaka watu waone. Mafuta sasa yanatosha lakini nikifika langoni nazunguka kinyume, sijui nakosea wapi. Chuo kikifungwa pitia hapa kwanza. Halafu twende Ugenya wote wawili. Plasta inatoka tarehe kumi na tisa. Ni mimi baba yako, Opondo."

Nikauliza, niongeze umemsamehe?

"Hilo si la kuandikwa," akasema. "Na sijui bado. Andika hivyo hivyo."

Jumanne, 20 Agosti

Plasta imetoka jana. Mguu mwembamba kama wa korongo, mweupe! Whitney amecheka, Opondo naye akacheka. Anatembea na gongo moja.

Hakuna jibu Eldoret. Wanasema vyuo vimefungwa tangu Ijumaa. Kama vimefungwa, yuko wapi? Opondo haulizi. Lakini leo kila mtu akipita mlangoni, kidole chake kinasimama kwenye kibodi.

Jumatano, 21 Agosti

Ninaandika hapa kwenye kaunta, sasa hivi, kwa sababu mikono yangu inataka kazi na sithubutu kuinuka.

Amefika. Kama robo saa iliyopita. Begi begani, amekonda, ana ndevu mbili tatu ambazo anadhani ni ndevu. Alisimama mlangoni, akaniona nikiinuka, akanionyesha kwa mkono nikae. Opondo alikuwa amemgeuzia mgongo, safarini, lango liko mbele.

"Baba."

Opondo hakugeuka. Mabega tu yalipanda.

"Usisimame mlangoni, unanizibia mwanga."

Osewe akaingia. Amesimama nyuma ya kiti. Hawajapeana mkono. Begi hajaliweka chini — nalitazama hilo begi! Nimemimina chai vikombe viwili hapa hapa kaunta, hakuna aliyechukua.

"Unazunguka kinyume," Osewe amesema. "Angalia taa ya kijani, si nyekundu."

"Ya kijani."

"Eeh. Ifuate hiyo."

Chombo kimeanza kuzunguka pamoja na lango, naona hata nikiwa hapa. Mkono wa Osewe uko kwenye mgongo wa kiti, karibu sana na bega la baba yake. Haujaligusa.

"Nipunguze?"

"Bado, Baba."

"Nitagonga."

"Hutagonga. Bado."

Sasa Opondo anauliza, na sauti si ya mchezo tena, ingawa macho hayajatoka kwenye skrini:

"Ulikaa hoteli gani?"

Nje Wangoi anakata sukuma, nasikia kisu tu.

"Ya kona," Osewe amesema. "Hapo stendi."

"Tulisimama hapo mbele. Nilishuka kukaza kamba."

"Nilikuona ukikaza. Nilifika mpaka mlangoni, Baba. Nilikuwa na mkono kwenye mlango."

Opondo anatikisa kichwa pole pole, kama anayepima kitu kisichopimika. Lango limejaa skrini nzima. Kidole chake kiko juu ya kifungo.

"Sasa?" anauliza.

"Sasa, Baba. Punguza."